UZI: Bangi, uyoga na LSD vinafanya nini kichwani na mwilini? Tuongee bila kutishana

Zamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Ile mada ya juzi mods wameifunga na wamefanya vizuri, maana tulibaki kutukanana tu. Kundi moja: "ni mmea wa Mungu, haujawahi kuua mtu." Kundi la pili: "kijiti kimoja tu unaishia Mirembe," yaani hospitali ya wagonjwa wa akili. Katikati akapita kijana akauliza kama uyoga wanaokula Wazungu ndiyo bangi ya kwao, akachekwa. Kumbe swali lake ndilo lilikuwa la maana kuliko yote.

Mimi ni mfamasia, nimekaa miaka kadhaa kwenye hospitali yenye wodi ya afya ya akili, na usiku wodini huwa yanaletwa mengi. Sheria za Tanzania na Kenya kuhusu vitu hivi mnazijua, kwa hiyo anayetaka kuja PM kuuliza "unapata wapi" asijisumbue.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kubishana kama bangi "ina madhara au haina" hakutufikishi popote. Uliza anayevuta ni nani, ana umri gani, kwao kuna historia ya ugonjwa wa akili au hakuna, na anachovuta kina nguvu kiasi gani. Hayo manne yanabeba karibu kila kitu.

Tuanze na bangi. Kinacholewesha humo ni THC. Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni waliitenga ikiwa safi mwaka 1964 kule Israel. Ikapita miaka zaidi ya 20 hakuna anayejua inakwenda kushika wapi ubongoni, mpaka 1988 Allyn Howlett na William Devane wa Marekani walipoonesha kwamba ina vipokezi vyake maalumu. Leo tunaviita CB1. Sasa jiulize: bibi yako ambaye hajawahi kuiona bangi kwa macho, ubongo wake unabeba vipokezi vya bangi vya nini? Jibu lilipatikana 1992, maabara ya Mechoulam tena. Mwili wenyewe unatengeneza kemikali inayokaa kwenye vipokezi hivyo, ikaitwa anandamaidi.

Kazi yake ni nzuri sana ukiielewa. Kwa kawaida ujumbe unatoka neva ya kwanza kwenda ya pili. Anandamaidi inakwenda kinyume: neva inayopokea ikizidiwa, inaitoa kidogo kurudi kwa ile inayotuma, kama mtu anayemgusa msemaji mkono, "basi, nimekusikia." Inatoka pale tu inapohitajika, halafu inavunjwa haraka. THC haina adabu hiyo. Inaingia kila kona kwa wakati mmoja na inakaa masaa.

Ndiyo maana stimu inafuata mahali vipokezi vilipojaa. Vimejaa sehemu inayotunza kumbukumbu, hivyo mtu anaanza stori akifika katikati anauliza "nilikuwa nasema nini?" Vimejaa sehemu inayopanga mwendo na kukadiria muda, hivyo dereva anaona yuko sawa kabisa wakati mguu unachelewa kwenye breki. Viko sehemu inayoendesha njaa, hiyo hamhitaji maelezo. Lakini kwenye shina la ubongo, panaposimamia pumzi, ni vichache sana. Hapo ndipo bangi inapoachana na heroini: heroini inasimamisha pumzi, bangi haifanyi hivyo. Wanaosema "haijawahi kuua mtu" wana chembe ya ukweli, na chembe hiyo inaishia hapo hapo.

Mwilini, mapigo ya moyo yanapanda kwa 20 hadi 50 kwa dakika ndani ya muda mfupi. Kwa kijana mzima si kitu. Kwa mzee wa miaka 60 mwenye presha na mishipa iliyoziba ni habari nyingine. Mishipa ya damu inatanuka, na macho mekundu yanatoka huko, si kwenye moshi. Hata aliyekula keki macho yanamwiva. Ukisimama ghafla presha inashuka, na wengi wanaoanguka wakiwa wamevuta shida huwa ni hiyo.

Nitarudi na uyoga. Ulizeni.

Kaka Mbegu

Nimekaa mkao wa kula. Hapo kwenye keki mkuu, mbona mtu anayevuta kila siku akila kipande tu anapigwa mpaka anaita mama?

Zamu ya Usiku

Kwa sababu ini limeingilia kati. Ukivuta, THC inatoka mapafuni na kufika ubongoni ndani ya dakika chache, unajua ulipofika na unaweza kuacha. Ukila, inapita tumboni hadi kwenye ini, na ini linaigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo nayo inalewesha na inaingia ubongoni kirahisi. Inachukua nusu saa hadi masaa mawili kuanza. Mtu amekula, kimya, anahisi ametapeliwa, anaongeza. Zote zinakuja kwa pamoja.

Wanaoniumiza zaidi ni watoto. Usiku mmoja aliletwa mtoto wa miaka mitatu, amelegea, macho nusu, shingo haikazi. Amepimwa malaria, hakuna. Sukari sawa. Daktari ameshaanza kuwaza homa ya uti wa mgongo, sindano ya mgongoni inaandaliwa. Pembeni kaka yake, kijana wa chuo, anakwenda dirishani anarudi, anakwenda anarudi. Mwishowe akamvuta nesi kando: "Sista, kwenye mfuko wangu kulikuwa na biskuti." Mtoto alilala karibu siku nzima akaamka anadai chai. Mama yao sijui kama amemsamehe yule kijana mpaka leo.

Mzee wa Arumeru

Ninyi wasomi mnatia watu hofu. Babu zetu walivuta hii kitu, wakalima mpaka jua linazama, wakafa na miaka 90. Kwa nini wao hawakuchanganyikiwa?

Zamu ya Usiku

Mzee wangu shikamoo. Kwanza, waliochanganyikiwa hawakuandikwa popote, walifungwa kamba nyuma ya nyumba na ikasemwa wamelogwa. Pili, babu hakuvuta wanachovuta wajukuu. Kwenye bangi iliyokamatwa Marekani mwaka 1995, THC ilikuwa kama asilimia 4. Miaka ya karibuni imevuka 15. Na skanka inayoingia mijini imezalishwa makusudi iwe na THC nyingi huku CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolewesha, ikiwa kidogo sana, na CBD ndiyo inayoonekana kupunguza makali.

Kuna na zile za maabara zinazonyunyiziwa kwenye majani makavu, maarufu kwa jina la Spice. Wengi wanadhani ni bangi ya kopo. THC inakiwasha kipokezi nusu nusu; hizi zinakiwasha chote. Watu wamepata degedege na wengine wamekufa. Usiziweke kapu moja na jani la shambani.

Mama Wawili

Samahani kaka, mimi si mchangiaji, huwa nasoma tu. Kijana wangu ana miaka 17. Tangu mwaka jana nasikia harufu chumbani. Sasa mwezi huu amejifungia, haogi, ananiambia jirani akiwasha redio wanamsema yeye. Baba yake anasema aache bangi tu atapona, shangazi yake anasema twende kwa mchungaji. Nifanye nini?

Zamu ya Usiku

Dada yangu, pole sana. Mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili wiki hii, msisubiri likizo wala mwisho wa mwezi. Maombi yaendelee sambamba, hakuna ugomvi hapo. Usibishane naye kuhusu redio, na usikubali kwamba wanamsema pia. Mwambie tu unaona anateseka na unataka asaidiwe. Akizungumza habari ya kujiua au kumdhuru mtu, nendeni usiku huo huo.

Siwezi kusema kutoka hapa kama ni bangi, au ni ugonjwa uliokuwa njiani bangi ikaukaribisha, au ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni kazi ya daktari atakayemwona. Lakini nikueleze kwa nini umri wake unanitia wasiwasi.

Ubongo unaendelea kujengwa mpaka miaka ya katikati ya 20. Ujanani unapunguza miunganiko ya neva isiyotumika na kuimarisha inayotumika, na mfumo ule ule wa anandamaidi unashiriki kazi hiyo. Kumwagia THC kila siku katika kipindi hicho si sawa na kummwagia mtu wa miaka 40.

Sweden walifuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini. Matokeo yalitoka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, mara sita zaidi ya ambao hawakuvuta kabisa. Mwaka 2019 timu ya Marta Di Forti wa King's College London ikatoa utafiti wa miji kadhaa ya Ulaya na Brazil: anayevuta kila siku ile yenye THC nyingi, uwezekano wake wa kupata ugonjwa wa akili wa kuona na kusikia yasiyokuwepo unakaribia mara tano ya asiyevuta. Wengi wanaovuta hawafiki huko, na wapo wanasayansi wanaosema sehemu ya uhusiano huo ni ya kurithi, kwamba vinasaba vinavyoleta skizofrenia vinamsukuma mtu kwenye bangi pia. Nakubali. Kwa mzazi, jibu la vitendo halibadiliki: kama kwenye ukoo kuna mjomba au bibi aliyewahi kuugua, kijana huyo hana ruhusa ya kujaribu bahati.

Na baba asitarajie aache leo apone kesho. Akiacha ghafla baada ya kuvuta kila siku, wiki ya kwanza atakosa usingizi, atakuwa na hasira, chakula hakitapita, ndoto mbaya. Ni kuachana na ulevi, yanapungua ndani ya wiki kama mbili.

Mama Wawili

Asante sana. Tunakwenda Jumatatu.

Kaka Mbegu

Jumatatu isipite dada. Tunakuombea.
Mkuu, kwa hiyo bangi ina arosto? Mtaani wanasema haina.

Zamu ya Usiku

Ina. Takwimu za zamani za Marekani zinasema kama asilimia 9 ya walioijaribu walifikia utegemezi, na kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni kama asilimia 17. Ni chini ya sigara. Si sifuri.

Na niwape moja ambayo hata baadhi ya madaktari huikosa. Mvutaji wa miaka mingi, kila siku, anaanza kutapika kwa vipindi, tumbo linakata, vipimo vyote safi. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo, hola. Ukimdadisi anakwambia kitu pekee kinachomtuliza ni kuoga maji ya moto sana, tena anashinda bafuni. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza 2004 na madaktari wa Adelaide, Australia. Tiba ni kuacha bangi. Wengi hawaamini, maana bangi yenyewe inajulikana kwa kuzuia kichefuchefu.

Haya, uyoga.

LSD, pamoja na uyoga wenye silosibini (ndicho kiini chake kinachobadilisha akili), havigusi CB1 kabisa. Vinakwenda kwenye mfumo wa serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, hasa kipokezi kimoja kinachoitwa 5-HT2A, ambacho kimejaa kwenye gamba la nje la ubongo, kule kunakofanyika kazi ya kufikiri na kuunganisha kinachoonwa na maana yake. Tunajuaje kuwa ni hicho? Franz Vollenweider na wenzake wa Zurich, 1998, waliwapa watu dawa inayokizuia kipokezi hicho kwanza, halafu silosibini. Maono hayakuja.

LSD iliundwa 1938 na Albert Hofmann, mkemia wa kiwanda cha Sandoz, Basel. Aliiweka kabatini miaka mitano, akairudia, na tarehe 19 Aprili 1943 akameza mikrogramu 250 makusudi. Hiyo ni robo ya miligramu, vumbi usiloliona. Yeye alidhani ni dozi ndogo! Akarudi nyumbani kwa baiskeli akiwa haamini macho yake. Aliyetenga silosibini kutoka kwenye uyoga wa Mexico, 1958, ni huyo huyo. Wamazateki wa Oaxaca walikuwa wameutumia uyoga huo katika ibada za uponyaji muda mrefu kabla mkemia yeyote hajazaliwa, usiku, chini ya mganga anayejua anachofanya.

Silosibini inachukua kama masaa manne hadi sita. LSD nane hadi kumi na mbili, kwa sababu ikishaingia kwenye kipokezi, sehemu ya kipokezi hujifunga juu yake na kuchelewa kuiachia.

Msafiri wa Noord

Nipo Amsterdam. Huku uyoga wenyewe walipiga marufuku Desemba 2008, ila vile vinundu vyake vya ardhini vinauzwa dukani kihalali mpaka leo. Nilikula na rafiki yangu, nyumbani kwake. Mwanzoni kichefuchefu na miayo isiyoisha. Kisha maua ya zulia yakawa yanatanuka na kusinyaa, taratibu, kwa mpangilio. Nikiongea nasikia sauti yangu kama inatoka chumba cha pili. Nikajiangalia kiooni nikaona sura ya marehemu baba yangu, nikalia sana, kilio cha kupumua. Mwenzangu tulikula sahani moja, yeye alishikwa na hofu, anataka kutoka nje kwa mlango wa roshani. Ghorofa ya nne. Ilibidi nikae nimeegemea ule mlango huku na mimi zulia linanichezea.

Kitu kimoja nauliza: bangi ikinipiga nasahau. Hii nakumbuka kila kitu, mpaka leo. Kwa nini?

Zamu ya Usiku

Kwa sababu ya ile tofauti ya mahali. THC inakandamiza sehemu ya kuandika kumbukumbu. Silosibini kwa kiasi cha kawaida inaiacha ikiandika, ila inavuruga yule anayeandikiwa, yaani wewe mwenyewe.

Kuna mtandao wa sehemu za ubongo unaofanya kazi ukiwa umekaa tu unawaza mambo yako: deni, mke, ulichosema juzi. Watafiti wengi wanauhusisha na ile hisia ya "mimi". Robin Carhart-Harris na wenzake wa Imperial College London walipowaingiza watu kwenye mashine ya MRI wakiwa na silosibini, wakachapisha 2012, walitarajia ubongo uwake kila mahali. Wakakuta damu inapungua kwenye vituo vikuu vya mtandao huo. Mwaka 2016 kwa LSD wakaona sehemu ya kuona inawasiliana na sehemu nyingi ambazo kwa kawaida haziongei nayo, na kadiri ilivyowasiliana ndivyo watu walivyoona mengi wakiwa wamefumba macho. Baba yako kwenye kioo yuko hapo.

Mwilini, mboni zinatanuka, presha na mapigo vinapanda kiasi. Sumu yake kwa viungo ni ndogo. Utegemezi karibu haupo: ukirudia kesho yake haikupi kitu, kwa sababu vipokezi vimepunguzwa, inabidi siku kadhaa zipite. Hatari yake kubwa ni ule mlango wa roshani. Ukiacha hiyo, wapo wachache ambao michirizi na mwanga vinabaki machoni miezi au miaka. Mwenye historia ya skizofrenia au ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, asiguse. Anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa huo wa hisia, ndiyo kabisa, imeripotiwa kuleta degedege.

Njoro Mkenya

Doc, nimesoma mahali ati uyoga unatibu depression. Hiyo ni ukweli ama ni story za watu wa Marekani?

Zamu ya Usiku

Ina ukweli ndani, ila ukweli mdogo kuliko makelele. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 233 wenye sonona sugu iliyogomea dawa. Waliopewa miligramu 25 za silosibini mara moja, asilimia 29 walikuwa wametulia kabisa wiki ya tatu. Waliopewa miligramu moja, asilimia 8. Kwa watu walioshindikana, hiyo ni kubwa. Lakini kufika wiki ya 12 nafuu ilikuwa imefifia kwa wengi. Na wagonjwa hao walichujwa kwanza, wakaandaliwa, wakakaa na mtaalamu chumbani muda wote. Tangu Julai 2023 Australia inaruhusu madaktari bingwa wa akili walioidhinishwa kuiandika. Kula uyoga wa kununua mtandaoni peke yako chumbani Kasarani hakuna uhusiano na nilichosimulia.

Kwa CBD, maana najua swali linakuja: ipo dawa halali, Epidiolex, iliyopitishwa Marekani 2018 kwa aina mbili kali za kifafa cha watoto. Yale mafuta ya Instagram yanayotibu kisukari, nguvu za kiume na saratani kwa chupa moja, hayo muulize anayeuza.

Papa wa Goma

Na iboga ya Gabon? Huku watu husema inatoa mtu kwenye heroini.

Zamu ya Usiku

Papa, umegusa pazuri. Mizizi ya iboga ni ya Bwiti, dini ya Gabon. Kiini chake, ibogaini, kinachunguzwa kwa utegemezi wa heroini na majeraha ya ubongo na akili yatokanayo na vita, na 2024 Stanford walitoa matokeo ya kutia moyo kwa maveterani 30 waliotibiwa Mexico. Ila inachelewesha umeme wa moyo, na watu wamekufa kwa moyo kusimama. Hao wa Mexico walipewa magneziamu na moyo ukaangaliwa kwa mashine. Hii si ya kujaribu bila ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo.

Na kwa kuwa tunaongelea mimea: ule wa jalalani wenye maua meupe marefu na matunda ya miiba, Datura, vijana wanaochemsha mbegu zake waache leo. Hauhusiani na bangi wala uyoga. Unazuia kemikali nyingine kabisa, asetilikolini. Mtu anaongea na watu wasiokuwepo na hajui kwamba hawapo, mwili unachemka, mkojo unagoma, moyo unakimbia. Dozi ya kulewa na ya kufa zimekaribiana mno.

Dereva wa Tandam

Mkuu, uzi mtamu, ila mimi nina shida ya haraka. Kuna kampuni ya mgodini inaniita, wanapima mkojo. Nimevuta kila siku mpaka wiki jana. Jamaa kaniambia ninywe maziwa lita mbili na maji ya ndimu. Inasaidia?

Zamu ya Usiku

Haisaidii. THC inajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Aliyevuta mara moja anaweza kuwa safi ndani ya siku chache. Wa kila siku anaweza kuonekana mwezi mzima au zaidi. Maji mengi yanafanya mkojo mwepesi, na maabara wanapima wepesi pia, watakurudisha utoe mwingine. Na ulevi wenyewe unaisha masaa mengi kabla ya kipimo kusafika, kwa hiyo kuonekana si ushahidi kwamba uliendesha ukiwa umelewa. Kwa bahati mbaya HR wa mgodini hataki kusikia hilo.

Dereva wa Tandam

Kwa hiyo maziwa ninywe tu kwa afya.

Zamu ya Usiku

Kunywa. Na waambie usaili usogezwe mwezi ujao.